Mjadala: Elton Mayo alimng'oa Taylor, au alimvisha kanzu tu?

Karani Mstaafu: Wadau, darasa la uongozi hufundisha hivi: alikuja Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyepima kila hatua ya kazi kwa saa, akamgeuza mfanyakazi mashine, kisha akaja Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard, akagundua kuwa mfanyakazi ni mtu. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, basi. Mimi naipinga hadithi hii.

Twendeni Hawthorne, kiwanda cha vifaa vya simu cha Western Electric pale Cicero, Illinois, Marekani, ambako majaribio yake ndiyo yaliyompa Mayo jina. Mwaka 1927 wasichana watano waliokuwa wakiunganisha rilei, yaani swichi ndogo za umeme za simu, walitengewa chumba. Wakapewa mapumziko, siku ya kazi ikafupishwa, na katika miaka miwili uzalishaji ukapanda kwa takriban asilimia 30. Tukaambiwa siri ni kuthaminiwa. Lakini malipo yao nayo yalibadilishwa: bonasi ikafuata kazi ya kundi lile dogo, si ya idara nzima. Na Januari 1928 wawili walioonekana wasumbufu, wanaongea mno, waliondolewa wakaletwa wengine. Ukishamtoa mbishi, chumba kitaacheje kutulia?

Kinachoniudhi zaidi ni chumba cha waunga nyaya, 1931 hadi 1932. Wanaume 14 walijiwekea kiwango chao cha siku, na aliyekizidisha alipigwa ngumi ya bega. Walihofu wakizidisha, malipo kwa kila kipande yatashushwa. Kina Mayo wakasema hizo ni hisia, si hesabu. Taylor, pamoja na ubaya wake wote, mwaka 1903 alikuwa ameshaandika kwamba wafanyakazi hujizuia kwa sababu mabosi hushusha malipo kweli. Sasa hapo nani alimwona mfanyakazi kuwa ni mtu mwenye akili?

Dada wa Zamu ya Usiku: Mkuu, usimpambe Taylor. Soma kitabu chake cha 1911. Mbeba chuma aliyempa jina la Schmidt alipandishwa kutoka tani 12 na nusu kwa siku hadi 47, na ujira kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Mzigo karibu mara nne, pesa haijafika hata mara mbili! Halafu anatuambia kazi ile inamfaa mtu mzito wa akili kama ng'ombe, ilhali kitabu hichohicho kinasema Schmidt alikuwa akijijengea nyumba kabla ya kazi na baada ya kazi. Na waliopimwa kwa saa hawakunyamaza: mwaka huohuo wa 1911 mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani pale Watertown waligoma. Lakini pale Hawthorne wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa, wakasikilizwa malalamiko yao. Kati ya bosi wa saa na bosi wa masikio, mimi wa masikio.

Mtoto wa Mwongozo: Masikio, halafu? Kina Mayo waliamini kulalamika kwenyewe ni tiba, ukishasema, umepona. Hapa kwetu Tanzania, Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipokemea ubwana na dharau za viongozi, wafanyakazi hawakuusoma kama dawa ya moyo. Waligoma. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakishika kiwanda chenyewe. Vitabu vya Taylor na Mayo havina sura inayozungumzia jambo kama hilo, kwani kwa wote wawili swali la nani aamue lilikuwa limeshajibiwa.

Karani Mstaafu: Dada, la ng'ombe umenishinda, nakubali. Ila nakuachia kitu kimoja. Palepale Hawthorne kulikuwa na kundi jingine la waunganishaji lililobadilishiwa malipo tu, bila chumba wala mapumziko mapya. Uzalishaji ukapanda kama asilimia 12. Wenzao wa idara wakanung'unika, jaribio likakatizwa baada ya wiki chache, malipo ya zamani yakarudi, na uzalishaji ukashuka. Mwenye masikio atueleze huko kushuka.