Kurudisha fuvu baada ya kiharusi: mfupa wake mwenyewe au titaniamu, na lini?

Kitinda Mimba: Ndugu zangu, naomba ushauri. Mama yangu, mwenye miaka 58, alipata kiharusi kikubwa upande wa kulia wa ubongo, ukavimba, na madaktari wakaondoa kipande cha fuvu ili kumwokoa. Hii ni wiki ya 10. Tumeambiwa tuchague kati ya mfupa wake uliohifadhiwa kwenye friza na bamba la metali ya titaniamu, na tuamue kama afanyiwe sasa au tungoje miezi 6. Mkono wa kushoto ulishaanza kushika kikombe, lakini wiki hizi mbili umelegea tena.

Mtaalamu wa Viungo: Pole sana. Kulegea huko msikuchukulie kuwa ni uchovu tu. Je, mahali palipoondolewa mfupa pamebonyea? Ngozi isiyo na mfupa chini yake husukumwa ndani na kanieneo ya hewa, ubongo ukabanwa na damu ikapungua, hivyo mgonjwa hurudi nyuma ingawa hajakosa mazoezi. Wapo wanaoanza tena kupiga hatua mara fuvu linapofungwa.

Kitinda Mimba: Pamebonyea, kiganja changu kinatua humo. Akiketi dakika 10 anashika kichwa na kuomba ajilaze, na akijilaza anatulia.

Mtaalamu wa Viungo: Basi mwambieni daktari leo hii, msingoje kliniki.

Muuguzi wa Thieta: Mfupa wake haununuliwi na hukaa sawasawa mahali pake, ila huweza kulika taratibu hadi ukahitaji kutolewa. Titaniamu hailiki, lakini ni ghali na hutia ukungu kwenye picha za CT, yaani picha za mionzi za ndani ya kichwa. Ipo pia saruji ya mifupa, ambayo ni nafuu na hufinyangwa papo hapo. Mimi, mfupa ukiwa safi, ningeanza na huo.

Binti wa Tanga: Sisi kwa baba tulingoja miezi 7, kwa kuwa kidonda kilikuwa na usaha, na sijutii hata kidogo, maana kipandikizi kikipata maambukizi hutolewa na safari huanza upya. Muda wote huo alifanya mazoezi akiwa amevaa kofia ngumu.

Kitinda Mimba: Kidonda cha mama kimekauka vizuri. Nimeshampigia daktari, ametaka tumlete asubuhi apigwe CT, aangalie pia kama maji yamejaa kwenye ubongo kabla ya kupanga tarehe.