Kipimo cha 132 kwa 84: je, tayari ni presha?

Swali (Langoni, Lamu): Assalamu alaikum. Nina miaka 41, na katika vipimo vitatu vya wiki tofauti nimepata 132 kwa 84. Marehemu mama alikuwa na presha. Je, nianze dawa?

Muuguzi, Malindi: Waalaikumu salaam, dada yangu. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliiita 120 hadi 139 kwa 80 hadi 89 hatua ya kabla ya presha. Mwaka 2017 wakaanza kuihesabu 130 kwa 80 kuwa presha, ingawa kwingi mpaka umebaki 140 kwa 90. Urithi, umri, unene wa tumbo, chumvi, sigara na kukaa kitako huipandisha. Dawa amua na daktari, hasa ukiwa na kisukari.

Mama wa Shela: Mwanangu, anza na chungu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, nasi twala ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na achari! Mimi ng'onda humroweka usiku kucha, nikamwaga maji mara mbili.

Aliyeuliza: Shukrani, mama. Achari naisitisha leo. Jumatatu nitarudi kupimwa.