Tupeane uzoefu: Bogonvilia kwenye ardhi ya Dodoma, wewe umeitunzaje hadi ikachanua?

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi nakaa Ilazo. Getini kwangu kuna bogonvilia ya zambarau niliyoipanda mwaka 2019, mwaka tuliohamia Dodoma kikazi. Miaka mitatu mizima ilikuwa majani matupu. Matawi yanaruka ukuta kwenda kwa jirani, miiba imejikunja kama ndoano, lakini ua hakuna. Na siyo kwamba niliitelekeza. Kila jioni niliipa dumu zima la lita 20, kila mwezi kiganja cha urea, na samadi ya ng'ombe niliyokuwa naletewa kutoka Nzuguni.

Mwaka wa nne, mwezi wa nane, pampu ya kisima tunachokitegemea mtaani ikafa. Tulikaa wiki tano tukinunua maji ya boza, na maji ya kununua huwezi kumwagia ua wakati watoto wanasubiri kuoga. Nikajua ndiyo basi. Majani yakaanza kudondoka, yaliyobaki yakajikunja. Asubuhi moja nafungua geti, naona kwenye ncha za matawi vitu vidogo vya zambarau, kama vipande vya karatasi vilivyofinyangwa na mtoto. Haikupita nusu mwezi ukuta wote ukawaka. Wapita njia wakawa wanasimama.

Nilichuma kishada kimoja nikakaa nacho barazani. Yale tunayoyaita maua ni majani. Yapo matatu, membamba, ukiyainua juani unaona mishipa kama ya jani lolote. Katikati kuna vijiua vitatu vyeupe vyenye umbo la mrija, mdomo wake umefunguka kama nyota, na kila kimoja kimeshikamana na mshipa mkuu wa jani lake. Hayo ndiyo maua yenyewe. Nimepita mbele ya mmea huu tangu utoto wangu na sikuwahi kuliona hilo.

Tangu siku hiyo nimesoma sana. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina limetoka kwa nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769, na mtaalamu wa mimea wa msafara wake, Philibert Commerson, ndiye aliyeiandika baada ya kuikuta Brazil. Msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili akubaliwe melini, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kila nikipita getini namkumbuka yule mama kuliko nahodha.

Kwa upande wa bustani, nilichojifunza ni hiki: mmea huu ukishakomaa, maji mengi na naitrojeni vinaupa majani. Ukavu na jua kali ndivyo vinavyoufanya uchanue. Kile kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba tunachokilalamikia, kwake ni neema. Urea yangu, yenye hiyo naitrojeni, ndiyo iliyoninyima maua miaka mitatu.

Sasa naomba wenzangu wa Dodoma, Singida, Manyoni, Kongwa, Mpwapwa, popote penye ukame wetu huu, mtupe uzoefu. Umepanda wapi, unamwagilia vipi, unapogoa lini, na imekusumbua kwa lipi? Na kama una mmea mwingine wa maua unaotambaa, karibu pia.

MzeeWaZabibu:

Mbukwenyi. Mimi ni mkulima wa zabibu, Mpunguzi. Nitasema ninachokijua kwa mkono.

Zabibu huku kwetu tunapogoa mara mbili kwa mwaka na tunavuna mara mbili. Sababu ni kwamba kichala hakitoki kwenye tawi kuukuu, kinatoka kwenye chipukizi jipya. Usipokata, hupati chipukizi, na usipopata chipukizi huna mavuno. Mke wangu alipoleta bogonvilia nyumbani nikaiangalia tu kwa mwaka mzima, nikaona tabia ni ileile: ua liko kwenye kitawi kipya, tena mwishoni.

Kwa hiyo napogoa mvua zinapoelekea kukatika, mwishoni mwa Machi au Aprili mwanzoni. Tawi refu lililotambaa nalirudisha hadi libaki jicho la pili au la tatu kutoka kwenye shina kuu. Ukimaliza, mti unatisha, unabaki vigingi. Mke wangu mara ya kwanza alikataa kula chakula cha mchana nami. Lakini yale macho yanaamka ardhi ikiwa bado na unyevu, matawi yanakua, kisha ukavu unaingia na kuyakuta tayari. Mwezi wa sita unaanza kuona rangi.

Kosa ninaloliona mjini ni vijana wanaopewa kazi ya kunyoa fensi kila wiki mbili kwa panga. Ukuta unanyooka vizuri, lakini kila wakipita wanaondoka na ncha ambazo zingetoa maua. Kata sana mara moja, halafu uache.

DadaMiche:

Shikamoo mzee. Umenifurahisha.

Mimi nauza miche pembeni mwa barabara upande wa Kisasa, na bogonvilia ndiyo inayoondoka kuliko zote. Naomba niseme kuhusu mche, maana wateja wananirudia kwa huzuni: "dada, ule mche ulikufa."

Mizizi ya bogonvilia ni laini mno. Haivumilii kushikwashikwa. Mteja akifika nyumbani anachana kiriba, udongo unamwagika, anautikisa mche kama anapanda mchicha. Mche unakaa kimya mwezi mzima, majani yanaanguka moja moja, mwisho wake kuni. Fanya hivi: mwagilia kiriba siku moja kabla ili udongo ushikamane. Kata kitako tu cha kiriba kwa wembe, teremsha kwenye shimo kikiwa bado na nailoni yake ubavuni. Rudishia udongo hadi nusu, hapo ndipo uchane ubavu na kuivuta ile nailoni taratibu. Jaza, shindilia kwa kiganja, usikanyage kwa mguu.

Kwa anayetaka kuzalisha mwenyewe: tawi lililokomaa, la kahawia, unene wa penseli au zaidi kidogo, urefu wa shibiri. Chini kata mshazari, majani yote toa. Mchanga wa mtoni uwe mwingi kuliko udongo, na kiriba kikae kivulini. Usitamani kuking'oa ukachungulie mizizi! Majani ya mwanzo yanakudanganya, yanatoka kwa akiba ya tawi hata kabla mizizi haijakuwepo. Mimi sigusi hadi miezi miwili ipite. Kati ya vipandikizi kumi nikipata sita nashukuru Mungu. Zambarau inashika kirahisi, nyeupe na ya njano zinanipa kazi.

Mwana-Nkuhungu:

Yangu ilinitia hasara. Nilisimamisha nguzo za miti na kichanja mbele ya nyumba ili itengeneze kivuli cha kuegesha pikipiki. Ikapendeza miaka miwili. Kumbe chini mchwa wanakula nguzo, juu mzigo unaongezeka. Upepo ule unaotangulia mvua za kwanza, Desemba, ukaiangusha yote usiku juu ya pikipiki na juu ya bati la jikoni. Tulitumia siku mbili kuitoa, mikono ilichanika yote.

Nilijifunza mambo mawili. Bogonvilia haina vikonyo vya kujishikilia kama pasheni, wala haijisokoti. Inaegemea tu, na miiba ndiyo inayoikamatisha. Usipoifunga, uzito wote unalala sehemu moja. Na nguzo ya mti kwa Dodoma, sahau. Sasa nimechomelea mabomba ya chuma, miguu iko ndani ya zege, juu nimevuta waya ule wa mashamba ya zabibu. Kufungia natumia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, unavutika shina linaponenepa. Waya mtupu unalikata.

MamaWawili:

Naomba wenye watoto mnisikilize. Mwanangu wa miaka saba alikanyaga mwiba wa bogonvilia akicheza mpira. Tukautoa, tukadhani umeisha, kumbe ncha ilibaki ndani. Siku ya tatu mguu umevimba, hawezi kuvaa kiatu. Zahanati wakaufungua, wakatoa kipande kidogo kuliko punje ya mtama, akachomwa na sindano ya pepopunda.

Sikuing'oa, naipenda. Lakini siku ya kupogoa watoto wanakwenda kwa bibi yao, na takataka zote nazikusanya kwa reki mara mbili, asubuhi na jioni jua likiwa limeinama, maana ndipo miiba inaonekana chini. Ikikauka ni mibaya zaidi kuliko mibichi.

Aliyeuliza kuhusu mimea mingine: nina alamanda ya njano upande wa nyuma. Haina miiba, ua lake ni kama tarumbeta. Ila utomvu wake mweupe ni sumu, usioteshe panapofikiwa na mbuzi au mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Na inataka maji kuliko bogonvilia.

Makulu_Bustani:

Mleta mada, nakubaliana na wewe nusu. Hili la kuinyima maji lisemwe kwa uangalifu. Mimi nilisikia ushauri kama huu nikaua miche mitatu mwaka mmoja. Nilipanda Juni, upepo unavuma, udongo wetu mwekundu wa kichanga haushiki unyevu, nami nasubiri "iteseke ichanue". Ilikufa bila kuchanua.

Kiu ni ya mti mkubwa wenye mizizi iliyoshuka. Mche wa mwaka wa kwanza unywe mara mbili kwa wiki, maji mengi yazame, siyo kunyunyiza juu kila siku. Weka majani makavu kwenye shina ila yasiliguse. Na panda Desemba au Januari, mvua ikusaidie kazi. Wa nne wangu nimeupanda hivyo, sasa umefika darini.

GhorofaAreaD:

Sisi wapangaji tusio na ardhi tusikate tamaa. Ninayo kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa chini, barazani panapopigwa jua kutwa. Mizizi ikibanwa ndoo inachanua sana, hata kuliko ya mwenye nyumba iliyoko chini. Nikiihamishia kwenye ndoo kubwa inaacha maua na kurudia majani, kwa hiyo naiacha humohumo.

Mgeni_Ihumwa:

Naomba kuuliza. Maji ya kisima chetu yana chumvi, birika linaota ukoko mweupe. Waridi zangu zote zimeungua ncha za majani. Bogonvilia itakubali?

Mleta mada:

Mgeni wa Ihumwa, itakubali. Kisima chetu nacho kina chumvi na birika letu ni hivyohivyo. Waridi zangu nazo zilishindwa, bogonvilia haijawahi kulalamika. Mvua zikija acha ziusafishe udongo, usiweke kizuizi cha kutuamisha maji pale shinani, maana haipendi miguu kulowa.

Makulu, asante sana kwa kunisahihisha. Ni kweli, yangu ilipopata kiu ilikuwa na umri wa miaka minne. Sikulifikiria hilo nilipoandika, na naomba wenye miche michanga wafuate maneno yako.

Mzee, shikamoo. Jumamosi nilichukua mkasi nikafanya ulivyosema. Nimekata kuanzia saa moja asubuhi hadi adhuhuri, nimejaza mkokoteni mara tatu. Jirani alitoka akauliza kama nimeamua kuiondoa. Nimebakiza shina kuu na mikono mitano, kila mkono umefungwa kwenye waya kwa mpira wa baiskeli. Urea niliyobakiza nimempa anayelima mahindi. Leo ni siku ya tisa, na kwenye mkono ulio karibu na taa ya geti nimehesabu macho kumi na moja yaliyovimba, mekundu, makubwa kama punje ya ulezi. Nitarudi mwezi wa sita niwaambie.