Kamera ya infraredi ya mawimbi mafupi: je, itasoma jina la chombo usiku usio na mwezi?

Mlinzi wa Gati

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Chumba chetu cha ulinzi kinatazama mlango wa bandari ndogo kupitia dirisha la kioo, na kazi yetu ya usiku ni kutambua vyombo vinavyoingia. Kamera ya joto tuliyo nayo imebidi ifungwe nje, kwa kuwa kioo hakipitishi mionzi inayoipokea, na ingawa hutuonyesha mara moja kwamba kuna dau lenye watu ndani, haisomi jina lililopakwa rangi ubavuni. Muuzaji anatushauri tununue kamera ya infraredi (nuru isiyoonekana kwa macho) ya mawimbi mafupi, yenye kigunduzi cha InGaAs, yaani cha indiamu, galiamu na aseniki, akisema kwamba huona hata mwezi usipokuwepo. Nijuavyo, kigunduzi hicho hakipokei joto la mwili bali nuru inayoakisiwa. Sasa usiku wa giza totoro nuru hiyo inatoka wapi? Na je, joto la pwani halitakiathiri?

Fundi Lenzi

Nuru hiyo inatoka angani, kiasi cha kilomita 87 juu yetu. Huko haidrojeni hukutana na ozoni, na kutokana na mkutano huo huzaliwa hidroksili (muungano wa oksijeni na haidrojeni) yenye nishati ya ziada, ambayo inapotulia huitoa nishati hiyo kama nuru. Mwanaastronomia Mmarekani Aden Meinel alilifafanua jambo hili mwaka 1950. Sehemu kubwa ya mng'ao huo haionekani kwa macho, kwa kuwa una nguvu zaidi kwenye mawimbi yenye urefu wa karibu mikromita 1.4 hadi 1.8, na mwezi usipokuwepo unaishinda kwa mbali nuru ya nyota tunayoiona.

Silikoni, ambayo ndiyo kigunduzi cha kamera za kawaida, haifaidiki nao. Fotoni, yaani chembe ya nuru, ya mikromita 1.55 ina nishati ya elektronivolti 0.8 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), ilhali silikoni inadai 1.12 ndipo elektroni ing'oke, hivyo fotoni hupita kana kwamba hapana kitu. InGaAs ya kawaida inadai 0.75 tu, na ndiyo sababu huona hadi karibu mikromita 1.7. Hata hivyo, mvuke wa maji hunyonya sana nuru iliyo karibu na mikromita 1.4, na kwenu pwani hewa imejaa unyevu. Mtakachokitegemea hasa ni kipande cha kati ya 1.5 na 1.7. Fahamuni pia kwamba mng'ao wenyewe hupanda na kushuka usiku kucha, na wingu zito huupunguza.

Binti Elektroniki

Naomba nijibu kuhusu joto, maana hapo ndipo wanunuzi wengi huumia. Kigunduzi chochote huzalisha elektroni hata kikiwa kimefunikwa, na katika InGaAs mkondo huo wa giza huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 7 hadi 10 za joto zinazoongezeka. Mchana hausumbui, kwa sababu nuru ni tele. Usiku, fotoni zinapokuwa chache, huo ndio unaoamua kama utaona herufi au chengachenga. Takeni kamera yenye kipoozeo cha umeme ndani yake, na muulize inaweza kukishusha kigunduzi hadi nyuzi ngapi hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, kwa kuwa kipimo kilichofanywa katika maabara yenye nyuzi 20 hakiwasaidii.

Jambo la pili ni ukubwa wa pikseli, yaani nukta za kigunduzi zinazopokea nuru. Vigunduzi vya Sony vya IMX990, vilivyotangazwa mwaka 2020, vina pikseli za mikromita 5, na ni vyema mno kwa ukaguzi wa viwandani ambako taa zipo. Lakini pikseli ya mikromita 15 ina eneo mara 9 ya hiyo, na kwa lenzi yenye uwazi uleule hupokea nuru mara 9. Kwa kazi yenu ningechagua pikseli kubwa, hata kama picha itakuwa na nukta chache.

Mlinzi wa Gati

Nawashukuru sana. Dirisha letu lilibandikwa utando wa kuzuia joto la jua. Je, kioo hicho bado kinafaa?

Fundi Lenzi

Kioo kitupu kingefaa kabisa, ila utando huo umetengenezwa kuzuia infraredi, na mara nyingi haubagui kati ya ile ya jua na ile mnayoihitaji. Ubandueni mbele ya kamera. Lenzi nayo iwe imepakwa utando wa kupunguza uakisi kwa mawimbi haya, kwa maana lenzi ya kamera ya kawaida hupoteza nuru nyingi hapo.

Binti Elektroniki

Naongeza kuhusu rangi. Baadhi ya rangi zinazotofautiana machoni hufanana katika mikromita 1.6, hivyo jina jeusi juu ya ubao wa bluu linaweza kupotea. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji aje na kamera usiku usio na mwezi, aiache iwake hadi itulie, kisha aielekeze kwenye vyombo vilivyotia nanga umbali uleule mnaoufanyia kazi. Kamera ya joto msiiondoe: hiyo iendelee kugundua kwamba kuna chombo, na hii mpya ielekezwe hapo kukitambua.