Naomba ushauri: imani hutangulia utii, au utii hutangulia imani?

Mwana wa Mayungu (mwenye uzi)
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mkazi wa Malindi, huu ni mwaka wangu wa saba katika wokovu, na Jumapili ijayo ninatarajiwa kuwekewa mikono niwe mzee wa kanisa. Kwa miezi kadhaa sasa sala zangu zimekauka. Nikipiga magoti naona kana kwamba ninazungumza na ukuta. Nilipomweleza mchungaji, alinijibu kwa sentensi moja tu: "Kuna jambo uliloambiwa na hujalitenda." Mimi ninashika neno la Paulo kwa Waefeso, kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na ninaamini kwamba utii huja wenyewe imani inapokua. Je, si sahihi niombe kwanza imani zaidi, nao utii uje kwa wakati wake? Naomba majibu ya watu waliokomaa, kwa maana usingizi umenihama.

Mama Wawili
Ndugu yangu, kabla hatujamfikia Paulo, tuambie mchungaji huyo amekuamuru nini. Sisi wa Kaunti ya Kilifi hatulisomi neno "utii" tukatulia. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walikuwa wamefundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, nao walidhani wanatii. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha dawa za presha kwa siku tisa kwa sababu mhubiri mmoja aliniambia kuwa kidonge ni ushahidi wa imani haba. Siku ya kumi nilianguka jikoni, sufuria ya wali ikanimwagikia mguuni, na kovu ninalo hadi leo. Kwa hiyo jibu: amekuamuru nini?

Katekista Mstaafu
Swali la mwenye uzi ni la zamani, na wengi hulijibu kwa kuwapiganisha Paulo na Yakobo. Martin Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Lakini tazameni jinsi mitume hao wawili wanavyomtumia mzee mmoja, Ibrahimu. Paulo husimama kwenye Mwanzo 15, ambako Ibrahimu alimwamini Mungu akahesabiwa haki. Yakobo huongeza Mwanzo 22, ambako anamtoa Isaka. Watu husahau kwamba sura ya 12 imekwisha kutuonyesha mtu wa miaka 75 akifunga mizigo yake na kuondoka Harani kwa neno tu, bila kuonyeshwa aendako. Sasa niambieni, siku ile alipofunga mizigo, alikuwa anaamini au alikuwa anatii? Mimi nimefundisha wakatekumeni miaka mingi na sijawahi kuona mahali pa kupitisha kisu katikati. Hata lugha yetu inalijua jambo hili: mtoto mtiifu twamwita msikivu, na katika Kiebrania pia neno la kusikia ndilo la kutii.

Chai ya Tangawizi
Mimi nimewekewa mikono mara moja tu maishani, nayo ilikuwa ya askari wa kaunti, pale sokoni, kwa sababu ya kibanda kisicho na leseni. Nilitii papo hapo. Imani ilikuja baadaye, nilipoona faini.

Baharia wa Ngomeni
Mwenye uzi, umeulizwa jambo moja na hujalijibu. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya mpangilio wa maneno mawili ya teolojia. Uliambiwa ufanye nini?

Mwana wa Mayungu
Mchungaji hajaniamuru lolote, na wala hajui. Ni jambo la kifamilia, ndiyo maana sikuliweka hapa. Marehemu baba alituachia mashua na mashine yake, mimi na dada yangu mkubwa ambaye ameolewa Marafa. Mwezi wa Januari, miaka miwili iliyopita, mashua ilizama kwa dhoruba ya kusi, mashine ikaokolewa, nikaiuza, na fungu la dada halikumfikia. Hata hivyo sikuzila fedha hizo kwa anasa. Nimelinunulia kanisa mabati 60, na yamekwisha kupigiliwa. Naona kwamba nilichodaiwa nimekitoa kwa Mungu, ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote, na ndiyo sababu ninauliza juu ya imani wala siulizi juu ya mashua.

Baharia wa Ngomeni
Nimekuwa baharini tangu nikiwa na miaka 14, basi niruhusuni nicheke kidogo. Kusi mwezi wa Januari? Januari ni majira ya upepo wa kaskazi, na kila mtoto wa pwani anajua kwamba kusi halijatia mguu kabla ya Aprili. Tena mashine hukaa tezi, nyuma ya chombo, imebanwa kwa skrubu mbili. Chombo kikienda chini, nayo huenda. Ikilala katika maji ya chumvi usiku mmoja tu huwa chuma chakavu. Nani aliyeinunua? Ndugu wanachama, tumetungiwa hadithi.

Chai ya Tangawizi
Nilikuwa nimeanza kusikitika. Nirudishieni machozi yangu.

Mama Wawili
Kama ni kweli, ni aibu. Nimefichua kovu langu mbele ya watu kwa ajili ya mtu anayejifurahisha!

Mwana wa Mayungu
Baharia amesema kweli: hadithi hiyo imetungwa, ila haikutungwa kwa ajili yenu. Ndiyo niliyompa dada yangu kwa simu, nami nimeirudia mara nyingi kiasi kwamba imejiandika yenyewe. Mashua haikuzama. Niliiuza nzima, pamoja na mashine, kwa mtu wa Watamu, na kabla hajaja kuichukua nilikwenda ufukweni alfajiri na kopo la rangi ya buluu nikalifuta jina la mama yetu lililoandikwa omo, mbele ya chombo. Nilipaka mara mbili kwa sababu herufi zilikuwa zinajitokeza.

Lakini nielewe, jamani. Nikimwambia sasa nitauvunja undugu, ibada ya Jumapili itaahirishwa, na wageni wamekwisha kualikwa. Je, si bora nianze kuhudumu, ili Mungu anijalie nguvu ya kulitengeneza hili nikiwa tayari nimesimama?

Katekista Mstaafu
Mwanangu, mfalme Sauli naye alibakiza kondoo alioamriwa kuwaangamiza, akamweleza nabii Samweli kwamba ni wa dhabihu. Jibu alilopewa unalijua: kutii ni bora kuliko dhabihu. Mabati yako ndiyo kondoo wale. Bwana wetu, katika Mathayo 5, anasema sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka upatane na ndugu yako, na wageni walioalikwa hawatajwi. Wala usingoje imani iongezeke kwanza. Petro alizishusha nyavu akiwa na uchovu wa usiku kucha na bila samaki hata mmoja, na alilokuwa nalo ni neno aliloambiwa.

Mama Wawili
Nimekusamehe kuhusu kovu. Ila nina swali: dada yako alizaliwa wapi?

Mwana wa Mayungu
Mayungu, nyumba moja na mimi. Alikuwa akimsaidia baba kuvuta mashua hadi alipoolewa.

Baharia wa Ngomeni
Basi anayajua majira kuliko wewe.

Mwana wa Mayungu
Siku ile aliniuliza mara moja tu: "Kusi, mwezi huu?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilifikiri hakuelewa.

Mama Wawili
Miaka miwili anajua, na anakungoja. Nambari yake unayo?

Mwana wa Mayungu
Ninayo. Nimemwandikia mchungaji kwamba Jumapili sitawekewa mikono, na sababu nitampa ana kwa ana. Kuhusu dada, nimepiga sasa hivi, simu imeita mpaka ikakatika. Leo ni siku yake ya gulio. Hurudi nyumbani saa kumi.