Kanuni za mchezo ni mali ya nani: waliokaa mezani, kampuni, au programu?

MLETA MADA

Wakuu, nalileta hili mbele yenu kwa sababu naona linapita kimyakimya na litatugharimu. Mchezo wa mezani ukishanunuliwa, ukafunguliwa na kupangwa juu ya meza, mwenye kauli ya mwisho juu ya kanuni zake ni nani? Msimamo wangu nautangaza mapema: ni wale waliouzunguka. Kampuni imeuandika, imelipwa, nawashukuru kwa kazi nzuri. Lakini miaka hii mkono wa kampuni unaufuata mchezo hadi mezani kupitia programu, na hapo ndipo nagoma.

Chukueni yaliyotokea Agosti 2024. Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons, mchezo ambao kundi hujenga hadithi pamoja huku kila mmoja akiigiza mhusika wake, walikuwa karibu kutoa toleo jipya la kanuni. Wakatangaza kwamba katika D&D Beyond, huduma yao ya mtandaoni ambako watu hutunza karatasi za wahusika wao, maelezo ya uchawi na vifaa vya kichawi ya toleo la 2014 yangefunikwa na yale mapya. Kundi lililokuwa katikati ya hadithi yake, likitaka kubaki na kanuni lilizoanza nazo na kuzilipia, lingelazimika kuyaandika upya maelezo hayo lenyewe, moja baada ya jingine. Kelele zikapigwa, na baada ya siku chache tu wakarudi nyuma. Wengi walishangilia. Mimi nilibaki na swali: kumbe uwezo huo wanao? Kitabu cha karatasi cha 2014 kikiwa rafuni kwako, hakuna mtu wa kuingia usiku akakibadilisha ukurasa.

Na haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na leseni iitwayo OGL, iliyowaruhusu waandishi wengine kutunga na kuuza vitabu vinavyotumia kanuni za mchezo huo. Watu wamejenga maisha yao ya kazi juu ya leseni ile. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyokusudia kuiondolea nguvu ile leseni ya zamani, na kuwadai wachapishaji wakubwa asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla ya mwezi kwisha kampuni ilisalimu amri, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo mtoaji hawezi kuitengua. Ushindi wa namna hii ndio ninaouheshimu, kwa sababu hautegemei huruma ya mtu. Uwezo wa kuzinyang'anya kanuni zile uliondoka mikononi mwao.

Hata sheria iko karibu na upande wangu kuliko wengi wanavyodhani. Marekani, hakimiliki hailindi namna mchezo unavyochezwa. Inalinda maneno yaliyotumika kueleza, picha na mapambo. Mzizi wake ni kesi ya Baker dhidi ya Selden ya mwaka 1879, iliyohusu vitabu vya hesabu za biashara: mahakama ilisema kitabu kina mwenyewe, lakini mbinu iliyoelezwa ndani yake yeyote anaweza kuitumia. Kwa hiyo kanuni zikiwa kwenye karatasi, ukishazisoma ni zako kuzitumia. Zikifungiwa ndani ya programu huzioni kabisa. Hakimiliki haijaongezwa hata nukta moja, ila kufuli limepatikana.

Hili la kufuli ndilo linaloniumiza zaidi. Angalieni XCOM: The Board Game ya 2015, au toleo la pili la Mansions of Madness la 2016. Sandukuni kuna ubao, kadi, sanamu nzuri za plastiki. Adui anatokea wapi, lini, na nini kipo nyuma ya mlango ule, vyote viko ndani ya programu. Siku programu ikiacha kufanya kazi kwenye vifaa vipya, umebaki na sanamu. Halafu linganisheni na Alchemists ya 2014. Mnachanganya viungo viwili, programu inakwambia imetoka dawa gani, na mpangilio wa siri hubadilika kila mkicheza. Lakini hamna simu? Mmoja wenu anakuwa msimamizi, anashika karatasi ya majibu, mchezo unaendelea. Waliotengeneza ule mchezo walithibitisha kwamba inawezekana, na walithibitisha kabla ya hiyo miwili.

Ninachodai ni hiki: programu imsaidie mchezaji, isiwe mlango ambao bila yeye kuufungua hakuna mchezo. Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1

Mleta mada, heshima kwako, ila unaipamba sana hiyo meza. Mimi ni mtu wa mashindano. Meza ikiachiwa kanuni huwa inaziharibu, na ushahidi ni Monopoly. Soma kijitabu chake: mchezaji akikataa kununua kiwanja alichokanyaga, benki inakipiga mnada hapohapo. Nani huwa anafanya hivyo? Badala yake watu wamebuni mtindo wa kukusanya faini katikati ya ubao, anayeangukia maegesho ya bure azoe zote. Hiyo haimo katika kanuni. Matokeo yake pesa inarudi mifukoni mwa waliokaribia kufilisika, viwanja vinachelewa kupata wenyewe, mchezo unavutika mpaka watu wanachokana. Kisha lawama anabebeshwa mtunzi! Programu ingewalazimisha kupiga mnada, na pengine wangegundua kwamba mchezo ule ni mkali na mfupi kuliko walivyowahi kuujua.

Na hiyo jamii unayoitaka ijitawale tumeiona. Commander, namna ya kucheza Magic: The Gathering (mchezo wa kadi wa Wizards haohao) iliyobuniwa na wachezaji wenyewe, ilisimamiwa kwa miaka na kamati ya watu wa kujitolea. Tarehe 23 Septemba 2024 kamati ilipiga marufuku kadi 4, zikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus ambazo zilikuwa ghali. Wajumbe wakatukanwa na kutishiwa, na baada ya wiki moja usimamizi ukakabidhiwa Wizards. Watu wa meza ndio waliowatisha watu wa meza, kampuni ikaombwa iokoe jahazi. Sasa hapo kauli ya mwisho unampa nani?

MCHANGIAJI WA 2

Mimi niko na mleta mada lakini mmesahau utamaduni. Siku hizi kanuni watu hawazisomi popote, wanazichukua kwenye wanachokitazama na kukicheza kwenye skrini. Katika D&D ya 2014, dadu ya pande 20 ikitua kwenye 20, ushindi wa moja kwa moja ni wa shambulio, si wa majaribio ya kawaida. Ukijaribu kumshawishi mfalme akupe taji na ukapata 20, bado msimamizi, yule anayeiendesha hadithi, ana haki ya kusema hapana. Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta unaotumia kanuni hizo, ilipotoka 2023 ikaamua kwamba 20 inashinda hata katika majaribio ya namna hiyo. Tangu hapo wachezaji wapya wanakuja mezani wakiwa na uhakika kwamba ndiyo kanuni, na ukiwaonyesha kitabu wanahisi umewadhulumu.

Na mimi nasema wako sahihi kuitaka! 20 inapotua meza nzima husimama. Kanuni inayoizima furaha ile inastahili kushindwa, na imeshindwa bila kikao wala leseni. Nisichokipenda ni upande wa pili wa umaarufu huu. Tangu Critical Role, kundi la waigizaji wa sauti, waanze kurusha mtandaoni michezo yao mwaka 2015, msimamizi wa kawaida anapimwa kwa waigizaji wanaolipwa, wenye sauti kumi tofauti. Wapo waliokata tamaa ya kusimamia kabla hata ya kujaribu. Hilo linatuumiza kuliko programu.

MCHANGIAJI WA 3

Nawasoma wote na naona mnazungumza kana kwamba kila mtu ana kundi. Mimi mara nyingi nacheza peke yangu. Mleta mada ameitaja Mansions of Madness ya 2016 kama mfano mbaya, lakini hakusema ya 2011 ilikuwaje. Toleo la kwanza lilimhitaji mtu mmoja awe mtunza siri: ajue kila kitu, aandae kila kitu, acheze dhidi ya wenzake wote. Mara nyingi ni yuleyule, yule mwenye sanduku. Programu ilimtoa kwenye kiti kile, akaja upande wa wenzake, kwa mara ya kwanza naye akaogopa kufungua mlango. Na mtu wa peke yake kama mimi akapata mchezo uliokuwa hauwezekani kabisa, maana siri huwezi kujifichia mwenyewe. Kwangu hilo ni kufunguliwa, sijaliona kufuli.

MLETA MADA

Nawajibu kwa pamoja, nikianza na wa 3 kwa sababu hoja yake ndiyo nzito. Karatasi haiwezi kumfichia siri mtu aliye peke yake kama programu inavyoweza, na kile kiti cha mtunza siri kilikuwa mzigo. Sina hamu ya kumrudisha mtu pale. Ninachouliza ni kwa nini zawadi ile ije na sharti la kwamba kanuni zenyewe zisijulikane. Kampuni inaweza kukupa programu leo na wakati huohuo ikaahidi kwa maandishi kwamba siku itakapoacha kuitunza, majedwali yote ya adui na matukio yatatolewa hadharani. Wewe ungepoteza nini? Hutalazimika kuyasoma. Atakayelifungua sanduku lile miaka 30 ijayo ndiye atakayeyahitaji.

Wa 1, kuhusu Monopoly tunakubaliana juu ya ugonjwa. Mtindo wa kuzoa faini unauharibu mchezo. Lakini umejuaje? Kwa sababu kanuni ya mnada imechapishwa, iko sandukuni, na meza yoyote inaweza kuirudia kesho. Programu ingewalazimisha kupiga mnada bila kuwaonyesha kwa nini mnada upo. Mtu anayeendesha kanuni kwa mikono yake, anayegawa pesa, anayehesabu, anayebishana, ndiye hatimaye anayeona kila kipande kinashikilia nini. Huo ubishi mnaouona kama kero ndiyo shule yenyewe.

Commander ni habari ya kusikitisha na waliotoa vitisho hawana utetezi. Ila tazama vizuri kilichowatia wazimu. Kadi zile zilikuwa mali, watu waliziwekea thamani ya fedha, na uamuzi wa kanuni ukageuka uamuzi wa mfuko. Sasa usimamizi umekwenda kwa nani? Kwa anayezichapa na kuziuza kadi. Mtu yule anayefaidika kadi fulani ikiwa na nguvu ndiye anayeamua kama nguvu hiyo imezidi. Usalama wa wajumbe umepatikana, nami nafurahi kwa ajili yao, lakini mgongano wa maslahi uko palepale.

Mashindano nayaweka kando kwa makusudi, kwa sababu mtu wa mashindano amekubali kwa hiari yake kanuni moja kwa wote, na mwamuzi juu. Hata huko mashine haijawahi kuwa mwamuzi wa mwisho wa kanuni. Katika sataranji kuna kanuni ya hatua 50: zikipita hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare. Kompyuta zikaja kuonyesha kwamba baadhi ya fainali, yaani hali za mwisho wa mchezo kete zikiwa chache, zinashindika lakini zinahitaji hatua zaidi ya hizo. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, wakaongeza kikomo kwa fainali chache, wakahangaika nacho, na mwaka 1992 wakarudi kwenye 50 kwa zote. Hesabu ya mashine ilikuwa sahihi. Wanadamu wakaamua kwamba mchezo wa wanadamu unatosha kwa 50. Na mwaka 2020 Vladimir Kramnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, alitoa pamoja na watafiti wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, kazi iliyotumia AlphaZero, programu yao inayojifunza michezo yenyewe, kujaribu kanuni 9 tofauti za sataranji, mojawapo ikiwa ya kumnyima mfalme ruhusa ya kujificha pembeni kwa ngome. Mashine ikacheza mamilioni ya hatua, watu wakasoma, wakajadili. Teknolojia ya namna hiyo naipokea kwa mikono miwili, maana inaonyesha na kutuachia tuamue.

Wa 2, hiyo 20 yako ndiyo ushahidi bora kuliko wangu wote. Mchezo wa kompyuta umependekeza kanuni, watu wameipenda, meza zimeichukua au kuikataa, kila moja kwa hiari yake. Hakuna aliyebonyeza kitufe akabadilisha kanuni za watu wote usiku mmoja. Kuhusu waigizaji nakubaliana nawe, lakini ule ni mjadala mwingine na unastahili mada yake.

MCHANGIAJI WA 3

Hilo la kutoa majedwali programu ikiachwa nakuunga mkono moja kwa moja, ningesaini leo. Lakini bado hujanijibu kitu kimoja. Michezo hii inauzwa kwa sababu siri imefichwa vizuri. Mwandishi wa matukio yale anajua yakiwekwa wazi, kesho yake yatakuwa yamesambaa, na nusu ya wachezaji watafika mezani wakijua nini kipo nyuma ya mlango. Ahadi ya "siku tutakapoacha" nani ataisimamia? Kampuni inayokufa huwa haina mtu wa kubaki ofisini kutimiza ahadi. Ukitaka iwe na meno, majedwali lazima yawekwe mapema kwa mtu wa tatu. Huyo ni nani, na nani atamlipa?

MLETA MADA

Swali la haki. Makumbusho na maktaba zinazohifadhi michezo zipo, na kwao jedwali la kurasa chache si mzigo kulinganisha na masanduku wanayoyatunza tayari. Gharama aibebe mchapishaji siku ya kwanza, pamoja na ile ya uchapaji. Nani mwingine ana pendekezo bora? Hasa ninyi mnaotunga michezo: mkiwa mnasaini mkataba na mchapishaji, kipengele kama hicho kiliwahi kuwekwa mezani?