Mjadala: Mikanda ya kumfungia mgonjwa kitandani iondolewe kabisa kwenye wodi za akili?

Mfawidhi (mleta mada)

Wakuu, habari za zamu. Naweka hoja mezani ili ipigwe: mikanda, kamba, pingu na mashuka ya kumfungia mgonjwa kitandani viondolewe kabisa kwenye wodi za akili. Sisemi vibaki kama njia ya mwisho, maana hiyo njia ya mwisho kwenye wodi nyingi ndiyo ya kwanza kuchukuliwa ikifika saa nane usiku. Kumshika mgonjwa kwa mikono, kwa dakika chache, wakati hatari iko mbele ya macho, hilo silipingi.

Kufunga hakutibu chochote. Mwaka 2000 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalitafuta utafiti wowote wenye kundi la kulinganisha uliopima faida ya kumfunga mgonjwa au kumfungia chumba cha peke yake. Haukupatikana hata mmoja. Madhara yake lakini tunayajua. Aliyefungwa chali akiwa amelewa dawa anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Aliyelazwa kifudifudi huku mtu amemkalia mgongo anakosa hewa, na hapo ndipo kosa la mauti hutokea: anatapatapa kutafuta pumzi, wanaomshika wanasema "bado ana nguvu huyu", wanaongeza uzito. Aliyekaa amefungwa saa nyingi damu inaganda kwenye mishipa ya miguu; bonge likichomoka likaziba mapafu, anaanguka siku anayofunguliwa aende msalani. Mwingine anavutana na mikanda mpaka misuli inaharibika, mkojo unakuwa wa kahawia, figo zinaanza kushindwa.

Na kwa upande wa haki, mwaka 2013 Juan Méndez, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, alitaka kufunga na kutenga wagonjwa wa aina hii kupigwe marufuku bila ubaguzi. Anayepinga aje na hoja ya wodini. "Tumezoea" si hoja.

Zamu ya Usiku

Mkuu, hapo naomba tutofautiane, na naanza na hesabu ya watu. Kumshika mtu mzima kwa usalama kunataka watu watano: mmoja kwa kila kiungo, wa tano kichwani. Wa kichwani ndiye kiongozi. Yeye peke yake ndiye anayeongea na mgonjwa, anaangalia midomo isibadilike rangi, anahesabu dakika, na akisema "achieni" kila mtu anaachia. Hakuna mkono shingoni, kifuani, tumboni wala mgongoni. Mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema kushika kwa mikono kwa kawaida kusizidi dakika 10.

Sasa niambie, zamu yenye wauguzi wawili na mhudumu mmoja inawatoa wapi hao watano? Ukifuta mikanda kwa waraka bila kuongeza watu, atakayemshika mgonjwa ni mlinzi wa getini, dereva na wagonjwa wenzake. Utakuwa umeondoa kifaa chenye kanuni, umeleta magoti ya watu wasiofundishwa.

Mkanda wenye kanuni ndio ninaoutetea. Ufungwe kwenye fremu ya kitanda, kamwe si kwenye reli ya pembeni, kwa sababu reli ikishushwa inanyonga kiungo. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe nyuzi 30. Ukucha ubonyezwe, damu irudi ndani ya sekunde 2. Maji, msala na kiungo kimoja kimoja kufunguliwa kwa zamu, kila saa 2. Kanuni za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, zinaweka ukomo kwa kila amri ya kufunga: saa 4 kwa mtu mzima, saa 2 kwa mwenye miaka 9 hadi 17, saa 1 kwa mtoto chini ya hapo, tena mgonjwa aonwe ana kwa ana ndani ya saa 1. Hayo ni mambo ya kukaguliwa. Marufuku tupu unaikaguaje?

Mfamasia wa Wodi

Mnavutana kuhusu mkanda, sindano mmeisahau. Mtu anaweza kufungwa kwa dawa bila hata uzi kumgusa, na fomu ya kufunga isijazwe.

Haloperidoli (dawa ya kutuliza vurugu na kuona au kusikia visivyopo) 5 mg, sindano ya msuli, ikichanganywa na promethazini (dawa ya mzio inayoleta usingizi) 25 hadi 50 mg inatuliza vizuri, na promethazini inasaidia kuzuia mkazo wa misuli. Haloperidoli ikipigwa peke yake, hasa kwa kijana wa kiume, jiandaeni kuona shingo imepinda, macho yamegeukia juu na taya zimekaza. Ndugu wakiona hivyo wanasema amerogwa, na baadhi ya wauguzi wanasema anaigiza. Tiba yake ni biperideni, dawa ya kulegeza mkazo huo, au promethazini yenyewe kama haikutolewa. Diazepam, dawa nyingine ya kutuliza, kwa sindano ya msuli iacheni: inanyonywa polepole na bila mpangilio, muuguzi anaona dakika 20 zimepita kimya, anarudia, kisha dozi zote mbili zinafika kwa pamoja. Olanzapini (ya kundi la haloperidoli) ya sindano na lorazepam (ya kundi la diazepam) ya sindano zisikutane kwa wakati mmoja, presha na pumzi vinaweza kushuka pamoja.

Baada ya sindano ya kutuliza, kila dakika 15 kwa saa ya kwanza: pumzi, mapigo, presha, joto, fahamu. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika, daktari aitwe, asingojewe mpaka raundi ya asubuhi. Kisha kila saa mpaka atembee mwenyewe.

Iceland waliachana na mikanda tangu miaka ya 1930. Wanashika kwa mikono na wanatumia dawa. Kwa hiyo mleta mada, ukipiga marufuku kimoja, hesabu na vingine viwili. Mikanda ikishuka mpaka sifuri na sindano zikapanda mara mbili, hujaleta mabadiliko.

Mkufunzi

Swali ambalo mngeanza nalo ni: anayefungwa ni nani hasa? "Mgonjwa wa akili mwenye vurugu" si aina moja ya mtu, na tukikosea aina yake hata mkanda uliofungwa kwa kanuni zote za Zamu ya Usiku unaua.

Wa kwanza ni mwenye deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa wa mwili, na huyu hakutakiwa hata kuwa wodi ya akili. Ameanza ghafla, kwa saa au siku chache. Asubuhi anaelewana nanyi, usiku anapigana na wadudu ambao wengine hawawaoni. Mwambie ataje miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma. Akifika Oktoba anapotea, anasahau hata alichoulizwa. Hapo anza na kipimo cha sukari: chini ya 4 mmol/L ni tatizo, na kama hawezi kumeza, dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, ml 150 hadi 200 kwa mshipa. Kisha joto, oksijeni, malaria, maambukizi ya mkojo kwa wazee, jeraha la kichwa. Gusa tumbo la chini. Mzee anayevua nguo na kupiga watu anaweza kuwa na kibofu kilichojaa tu, na katheta, mpira wa kutolea mkojo, ikawa ndiyo dawa yake yote.

Wa pili ni aliyeacha pombe ghafla. Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hivi baada ya glasi ya mwisho, degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa kukali kati ya saa 48 na 96. Kwa hiyo aliyelazwa Jumatatu akiwa mtulivu, Jumatano usiku anavunja dirisha, na wodi nzima inasema "ugonjwa umempanda". Huyu anataka diazepam na tiamini (vitamini B1). Ukimpa haloperidoli peke yake unamsogeza karibu na degedege, na ukimfunga, joto na misuli vinammaliza.

Wa tatu ni mwenye akathisia, yaani kutotulia kunakoletwa na dawa tulizompa sisi wenyewe. Hawezi kukaa, anahamisha uzito mguu huu mguu ule, anasema ndani ya mwili kunawaka. Tukiandika "anahangaika" tunampa haloperidoli nyingine, anazidi, tunamfunga. Muulizeni swali moja: "Unahangaika kwa sababu ya mawazo, au miguu ndiyo inakataa kutulia?"

Ukishawatoa hao watatu, wanaobaki kwenye mabishano yenu ni wachache.

Mwaka wa Tatu

Mwalimu shikamoo. Na mwenye mania, yule aliyepandwa na furaha na nguvu kupita kiasi, je? Hao ndio wanatusumbua kwenye mazoezi.

Mkufunzi

Marahaba. Mania haikurupuki, inapanda kwa siku. Chati ya usingizi ndiyo kengele: saa sita, kisha nne, kisha mbili, na asubuhi hana hata dalili ya uchovu. Hapo daktari aitwe, hata kama mgonjwa bado anacheka na kugawa zawadi. Vurugu zake nyingi zinakuja akikatazwa. Usibishane, usimkatalie mbele ya watu, mpe machaguo mawili ambayo yote unayakubali: "Dawa utameza sasa au baada ya chai?" Mhamishie upande wenye kelele kidogo.

Mwenye skizofrenia, anayesikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ni tofauti. Kinachomtuma mara nyingi ni hofu. Muulize waziwazi sauti zinamwambia afanye nini na kama amewahi kuzitii. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Mtetezi

Naunga mkono marufuku, na sababu yangu iko kwenye faili. Likishaandikwa "mkorofi" au "hatari" kwenye ukurasa wa kwanza, neno hilo linamfuata kila anapolazwa. Muuguzi wa zamu mpya anakuja na mkanda mkononi kabla hajamsalimia. Mgonjwa huyohuyo akisema kifua kinambana, anaambiwa ni ugonjwa wake wa kichwa, na hakuna anayepima presha. Unyanyapaa tunaoukemea kwa jamii tunao kwenye kalamu zetu, halafu tunashangaa watu wanakuja hospitali wakiwa wamechelewa. Wagonjwa wa akili hufanyiwa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wanavyoufanya wao; kwenye faili zetu husomi hivyo.

Andikeni kilichotokea. "Saa 2:10 usiku alirusha sahani ukutani baada ya kunyimwa simu, alitulia dakika 15 baada ya kuzungumza na mama yake." Sentensi hiyo inamfundisha zamu ijayo cha kufanya. "Mkorofi" inamfundisha kuogopa.

Mwaka 1797 aliyeondoa minyororo katika hospitali ya Bicêtre, Paris, alikuwa Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wodi, si daktari Pinel anayesifiwa vitabuni. Pussin mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa pale, ingawa si wa akili. Kwa hiyo msiseme wauguzi hatuna mamlaka.

Zamu ya Usiku

Dada Mtetezi, malizia habari yenyewe: Pussin aliweka koti la kumfunga mikono badala ya minyororo. Ndicho alichosema Mfamasia, kifaa kimebadilishwa, kufunga kumebaki.

Lakini la kwenye faili nakubali bila ubishi.

Mfawidhi (mleta mada)

Zamu ya Usiku, hoja ya watu watano ni nzito. Ila unaihesabu kama vile kila fujo lazima ifike kushikana. Safewards, mpango wa kupunguza vurugu wodini wa mtafiti Len Bowers, ulipimwa mwaka 2015 kwenye wodi 31 za England: matukio ya vurugu na ukaidi yalipungua kwa asilimia 15, na hatua za kudhibiti wagonjwa kwa asilimia 26.4. Mambo yenyewe hayahitaji bajeti kubwa. Habari mbaya, kama ruhusa kukataliwa au ndugu kutokuja, inapangwa nani aiseme na saa ngapi. Kwenye makabidhiano ya zamu kila mgonjwa anatajwa jema moja. Baada ya tukio, muuguzi anapita kwa wagonjwa walioshuhudia, mmoja mmoja, kuwatuliza. Mimi naongeza kadi inayojazwa akiwa ametulia: nini kinakuudhi, tunakuonaje ukianza kupanda, nini kinakusaidia. Ikae mbele ya faili.

Na wakati wa fujo anaongea mtu mmoja, kwa umbali wa mikono miwili, akiwa pembeni kidogo na si uso kwa uso, mlango wazi kwa pande zote mbili. Wengine wanaondoa watazamaji. Wauguzi watatu wakiongea kwa mpigo wanampandisha zaidi.

Nimemsikia Mfamasia. Narekebisha hoja: mikanda itoke, na kila kushika, kila sindano bila hiari na kila kufungiwa chumbani kuandikwe kwenye rejista moja, kwa dakika, na kusomwa kila mwezi.

Zamu ya Usiku

Rejista nasaini leo. Mikanda itoke siku watu watano watakapokuwepo kwenye ratiba, si kabla.

Mwaka wa Tatu

Swali la mwisho wakuu. Mgonjwa analetwa na ndugu akiwa tayari amefungwa kamba, mikono nyuma. Mleta mada ungefungua palepale mapokezi?

Mfawidhi (mleta mada)

Mapokezi hapana, watu wamejaa. Ingia naye chumba cha uchunguzi na ndugu mmoja anayemwamini, wengine wabaki nje. Jitambulishe, mwambie unamfungua. Kabla ya hapo tazama mikono: ikiwa ya baridi, imevimba, haina hisia au vidole havisogei, hiyo ni dharura ya upasuaji, kamba inatoka sasa hivi awe ametulia au hajatulia. Kata kwa mkasi wa bendeji wenye ncha butu, uache kuhangaika na fundo. Sukari ipimwe wakati mnaongea. Mpe maji kama anameza vizuri, kisha dawa ya kumeza kabla hujafikiria sindano.

Zamu ya Usiku

Hapo tuko pamoja. Uliza amefungwa tangu lini, na kama ni saa nyingi angalia mkojo wa kwanza una rangi gani. Alama za kamba zichorwe kwenye chati siku hiyohiyo, upande, urefu na kama ngozi imechubuka. Wiki ijayo zikionekana zimekuwa nyeusi, zamu nyingine itadhani zimetoka wodini.